Sura ya Saba: Ukilala Kinatulia

Kabla dripu na wodi hazijafika Gusii, kichwa kilichokataa kupona kilikuwa na fundi wake. Aliitwa omobari. Mtu aliyepigwa rungu au kuanguka, kisha akakaa miezi kichwa kikimgonga usiku na mchana, alipelekwa kwake. Omobari alipasua ngozi ya kichwa, mishipa ya damu ikabanwa kwa vidole, naye akaparuza mfupa kidogo kidogo mpaka fuvu likapata dirisha. Nusu kaputi haikuwapo. Daktari wa akili Edward Margetts, aliyefanya kazi Nairobi katika miaka ya 1950, aliifuatilia kazi hiyo na kuiandika, na wengine wakaandika baada yake. Ndiyo maana hadi leo ukitaja Kisii mbele ya mtu anayesoma historia ya upasuaji wa ubongo, hawazi ndizi wala vinyago vya mawe vya Tabaka. Anawaza vichwa.

Nimeanza na omobari kwa sababu ya jambo moja tu. Chini ya fuvu kuna utando mgumu unaoufunika ubongo, ambao madaktari huuita dura. Omobari aliuheshimu. Mfupa aliuparuza atakavyo, lakini akiufikia utando huo mkono wake ulipunguza kasi, maana kuutoboa kulikuwa kuharibu kazi. Dura haikomei kichwani. Inatoka kupitia tundu lililo chini ya fuvu, inaingia ndani ya uti wa mgongo na kuteremka hadi chini ya kiuno, mfuko mmoja usio na mshono. Na kila siku, katika thieta za Kisii na Nyamira, mtu aliyesomea kazi yake anautoboa mfuko huo makusudi.

Ana sababu njema. Ndani ya mfuko kuna maji maangavu ambamo ubongo na neva huelea, kama mililita 150 kwa mtu mzima, yaani nusu ya chupa ya kawaida ya soda. Mtoa ganzi humkalisha mama anayejifungua kwa upasuaji kando ya kitanda, humwambia ainame akumbatie mto, na kwa kidole hutafuta mwanya kati ya pingili za kiuno, chini ya pale kamba kuu ya neva inapoishia. Sindano huingia taratibu mpaka tone la maji litokeze. Hapo hudunga mililita 2 hivi za bupivakeini, dawa ya ganzi iliyotiwa sukari ili iwe nzito kuliko maji yale na itulie chini. Dakika chache baadaye miguu inakuwa mizito, kisha mama hajui iko wapi. Yu macho. Anasikia vyuma vikigongana, na anamsikia mwanawe akilia kwa mara ya kwanza.

Ukilinganisha na kulazwa usingizi mzito na kupitishiwa mpira kooni, hii ni njia salama zaidi kwa mama mjamzito, na ndiyo inayotumika mara nyingi. Imezidi kutumika kwa sababu upasuaji wa uzazi wenyewe umeongezeka. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba watoto wapatao 9 kati ya kila 100 nchini Kenya walizaliwa kwa kupasuliwa mama. Ule wa 2022 ulikuta 17. Katikati hapo, tangu Juni 2013, kujifungua katika hospitali za umma kulikuwa kumefanywa bure, na wanawake ambao zamani wangejifungulia nyumbani kwa bahati nasibu wakafika mahali penye thieta.

Sindano ikichomolewa, inaacha tundu. Kwa wengi tundu hilo hujiziba kimya kimya bila mwenyewe kujua lilikuwapo. Kwa wachache linaendelea kuvuja.

Tuseme mama wa Nyamache amepasuliwa Jumanne. Alhamisi ameanza kutembea wodini, kidonda ni kikavu, mtoto ananyonya, na Ijumaa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Mama mkwe amemngoja na uji wa wimbi na chinsaga, mboga ambayo Wagusii humpa mzazi arudishe nguvu. Anaketi amnyonyeshe mtoto. Ghafla kichwa kinakuja, kutoka kisogoni kikipanda utosini hadi kwenye paji la uso, shingo imekakamaa, masikio kama yamejaa maji. Anamweka mtoto chini, anajilaza, na baada ya dakika chache maumivu yameondoka kana kwamba alikuwa anayaota. Anaketi tena. Yanarudi.

Hesabu ya siku ndiyo inayomponza. Kichwa hiki huanza mara nyingi kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya sindano, karibu kila mara kabla ya siku 5 kuisha, na siku hizo ndizo ambazo wodi zilizojaa huwaruhusu kina mama. Ugonjwa unawakuta njiani au jikoni. Nyumbani kila mtu ana maelezo yake. Mmoja anasema ni malaria, mwingine presha, jirani anasema mzazi hakujifunga leso kichwani akapigwa na baridi ya asubuhi, na baridi ya Gusii kweli haina mzaha. Duka la dawa linatoa vidonge vya malaria. Hakuna aliyeuliza swali ambalo linatatua nusu ya fumbo: ukilala, kinatulia?

Vichwa vingine havina tabia hiyo. Kichwa cha malaria kinauma ukiwa umesimama na kinauma ukiwa umelala. Kichwa cha kukosa chai, ambacho ni ugonjwa halisi kwa mtu aliyezoea vikombe vitatu kwa siku kisha akafungishwa kula na kunywa kabla ya upasuaji, nacho hakijali umekaaje. Hiki cha sindano kinamfuata mgonjwa akiinuka na kumwacha akijilaza. Maji yamepungua mfukoni, hivyo akisimama ubongo unakosa pa kuelea, unashuka kidogo na kuvuta nyuzi na tando zinazoushikilia. Isitoshe, fuvu ni chumba kisichopanuka. Maji yakipungua humo, kitu kingine sharti kijaze nafasi, na mishipa ya damu ndiyo hufutuka kuijaza. Mvuto huo na mfutuko huo, pamoja, ndiyo maumivu.

Mtu wa kwanza kuyaeleza vizuri alikuwa daktari aliyejifanyia jaribio mwenyewe. Mnamo Agosti 1898, mjini Kiel, Ujerumani, daktari wa upasuaji August Bier alimdunga mgongoni dawa ya kokeini kibarua aliyekuwa na kifua kikuu cha kifundo cha mguu, akamfanyia upasuaji bila yeye kuhisi. Wagonjwa wengine wakafuata, na baadhi wakalalamikia kichwa na kutapika. Bier akataka kujua. Alimwambia msaidizi wake Hildebrandt amdunge yeye, lakini bomba la sindano halikukaa sawasawa na maji mengi ya mgongoni yakamwagika. Wakabadilishana. Hildebrandt alipokwisha kufa ganzi, Bier alimpiga muundi kwa nyundo ya chuma na kumchoma kwa sigara inayowaka, naye hakuhisi kitu. Jioni wakala, wakanywa mvinyo, wakavuta sigara. Kesho yake Bier hakuweza kusimama kwa kichwa na kizunguzungu, na akaendelea hivyo kwa siku 9, akipata nafuu kila alipolala. Alishuku mapema kwamba maji yaliyomwagika ndiyo chanzo. Hildebrandt, kwa upande wake, alibaki na miundi iliyovimba.

Siku 9 hizo ziwekwe akilini, kwa sababu zinaeleza jinsi ya kupima kila dawa nitakayoitaja. Bier hakupewa dawa yoyote ya maana na alipona. Tundu lilijifunga lenyewe, kama yafanyavyo matundu mengi ndani ya wiki 1 au 2. Hakuna kidonge kinachokwenda kuziba dura. Dawa zote za kichwa hiki, ghali na rahisi, zinanunua muda: zinamwezesha mama kuketi anyonyeshe wakati mwili unajishona. Basi swali la kumuuliza kila muuza dawa ni muda kiasi gani, na kwa bei gani.

Wa kwanza kwenye foleni ni paracetamoli. Gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na pamoja nayo dawa ya jamii ya ibuprofeni au diklofenaki iwapo mama hana vidonda vya tumbo, figo zake ni nzima na hakuwa na presha kali ya ujauzito. Hizi hazina sifa wala hadithi. Zinamezwa kwa saa zake, kichwa kiwe kinauma au kimetulia, na kosa la kawaida ni kuzimeza mara moja, kuona kichwa hakijaisha, kisha kuzitupa na kutafuta kitu kikali zaidi. Mwongozo wa kimataifa juu ya kichwa hiki, uliotolewa mwaka 2023 na vyama kadhaa vya wataalamu wa ganzi, unaziweka mwanzo kabisa kwa kila mgonjwa asiye na kizuizi.

Kitu kikali zaidi kinachotafutwa mara nyingi ni tramadoli au kodeini. Hapa nitasema wazi kwamba sizipendi kwa mama anayenyonyesha. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba wanaonyonyesha wasipewe dawa hizo mbili, kwa sababu miili ya baadhi ya watu huzigeuza kuwa na nguvu upesi mno, na kinachopita kwenye maziwa kinaweza kumlaza mtoto usingizi mzito na kuzuia pumzi yake. Dawa za aina hiyo zina nafasi ya siku chache chini ya jicho la daktari, dawa nyingine zikishindwa. Zisianzie dukani.

Kisha tunafika kwenye kafeini, na hapa Gusii ina la kusema. Katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipolegeza kidogo marufuku iliyowazuia Waafrika kulima kahawa, Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuruhusiwa, pamoja na Meru. Majani chai yalifuata baadaye, na leo ukishuka kutoka Keroka kuelekea Nyamira macho hayaoni ila kijani. Kafeini inatoka kwenye miti ya pande zote mbili za barabara.

Kazi yake inaeleweka. Mwilini kuna kemikali iitwayo adenosini ambayo, pamoja na kazi nyingine, hufungua mishipa ya damu ya ubongo. Kafeini hukalia viti vya adenosini ikaizuia kuketi, na mishipa iliyofutuka hunywea. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuidunga kwenye mshipa, miligramu 500. Mwaka 1990 wengine waliwapa kina mama waliojifungua kidonge cha miligramu 300 wakalinganisha na kidonge kitupu. Baada ya saa 4 waliopewa kafeini walikuwa na nafuu kubwa. Siku ya pili baadhi yao maumivu yaliwarudia. Hayo ndiyo mambo mawili ya kujua kuhusu kafeini: inafanya kazi, na haikai.

Je, chai itatosha? Nilipiga hesabu hii kikombe kikiwa mkononi. Kikombe cha chai huwa na miligramu 40 hadi 50 hivi za kafeini, na chai yetu ya maziwa mengi na majani machache pengine chini ya hapo. Kufikia 300 ni vikombe 6 au zaidi, kwa mpigo mmoja, na mama aliyepasuliwa juzi hana hamu ya kwenda msalani mara 6. Kahawa kali iko karibu zaidi, kikombe kikubwa kikiweza kubeba 95 hivi. Vidonge vya Panadol Extra vina miligramu 65 kila kimoja juu ya paracetamoli, hivyo viwili vinatoa 130. Lakini hapo ndipo watu hujikwaa: mtu anameza Panadol Extra viwili, halafu juu yake paracetamoli ya kawaida aliyopewa wodini, na paracetamoli inakuwa imemezwa maradufu pasipo yeye kujua.

Mwongozo wa 2023 unasema kafeini inaweza kutolewa katika saa 24 za kwanza za maumivu, isizidi miligramu 900 kwa siku, na kwa anayenyonyesha ishuke hadi kati ya 200 na 300, kwa kuwa inapita kwenye maziwa na mtoto mchanga hukawia sana kuitoa mwilini. Kila chanzo kihesabiwe, chai, kahawa, soda na kidonge. Na mama aliyekuwa na kifafa cha mimba, au moyo unaokwenda mbio, asiijaribu kwa ushauri wa jirani, kwa sababu dozi kubwa huuchochea ubongo na moyo kwa pamoja. Kwa hiyo tiba ya mashamba ya Nyamira ni ya kweli, lakini ni ya vikombe viwili vitatu, na ya siku ya kwanza.

Binamu yake wa kikemia ni teofilini, na aminofilini iliyotokana nayo. Wazee wenye pumu wanaijua. Nayo huzuia adenosini, na majaribio machache yameonyesha kwamba hupunguza maumivu haya. Uzuri wake ni kwamba ni dawa ya kale na ya bei ndogo. Ubaya wake ni kwamba kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru moyo vinakaribiana mno, na hilo ndilo lililoifanya iondolewe polepole kwenye pumu yenyewe. Haydrokotizoni, dawa ya jamii ya steroidi, nayo ilijaribiwa kwa kudungwa kila baada ya saa 8 na ikapunguza maumivu. Gabapentini, iliyotengenezwa kwa ajili ya kifafa, vivyo hivyo. Sumatriptani, ambayo ni hodari kwa kipandauso, ilitazamiwa mengi kwa sababu nayo hubana mishipa, lakini hapa haikusaidia.

Mwaka 2015 mtandao wa Cochrane ulikusanya majaribio yote ya dawa hizi yaliyofaa kuhesabiwa. Yalikuwa 13, na wagonjwa wote kwa jumla 479, wengi wao wanawake. Watu hao wangeenea kwenye viwanja vya shule moja ya msingi. Wamegawanywa katika dawa zaidi ya nusu dazeni, na ndiyo maana mtaalamu mwaminifu akizungumzia haydrokotizoni au gabapentini huishusha sauti. Kafeini ndiyo iliyotoka na ushahidi wa kusimamia, nao mwembamba. Mwongozo wa 2023 haukushauri nyingine hizo zitolewe kwa kawaida.

Jaribio moja la kuvutia limetoka barani mwetu. Neostigmini hukaa katika kabati la karibu kila thieta, kwa kuwa hutumiwa kumwondolea mgonjwa dawa ya kulegeza misuli mwishoni mwa usingizi. Mwaka 2018 madaktari wa Misri walichapisha jaribio la kina mama 85 waliopata kichwa hiki baada ya kupasuliwa. Waliopewa neostigmini pamoja na atropini kila saa 8, kwa siku zisizozidi 3, walipata nafuu mapema kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na hakuna hata mmoja wao aliyehitaji tiba ya damu nitakayoieleza mbele. Kwa wale wengine walihitaji karibu 16 kati ya 100. Baadhi walisokotwa na tumbo au misuli ikawatetemeka kidogo. Jaribio moja halijengi nyumba, lakini dawa yenyewe tayari ipo rafuni, na kama ningekuwa mtafiti katika hospitali ya mafunzo magharibi mwa Kenya, hapo ndipo ningeanzia.

Nipitie haraka mambo mawili ambayo wodi zetu bado zinayaamrisha. La kwanza ni kulala chali bila mto kwa saa 24 baada ya sindano. Utafiti ulipokusanywa, kulala huko hakukuzuia kichwa kuja. Kichwa kikishaanza, bila shaka mama atajilaza kwa sababu kunampa raha, na ajilaze, lakini kumfunga kitandani siku nzima nzima kunamwongezea hatari ya damu kuganda miguuni, na mzazi yuko karibu na hatari hiyo tayari. La pili ni maji mengi, au dripu juu ya dripu. Mwili hutengeneza takriban nusu lita ya maji ya ubongo kila siku, unywe glasi 2 au 10. Mama anywe akiwa na kiu, na anyonyeshapo kiu ni kikubwa. Zaidi ya hapo anakimbizana na choo tu.

Na kwa kuwa nimegusa mgongo, kuna lalamiko ambalo kila mwanamke aliyepasuliwa nchini Kenya amelisikia au amelisema: kwamba ile sindano humwachia mtu maumivu ya mgongo maisha yote. Tafiti zilizowafuatilia wanawake kwa muda mrefu hazikuona sindano ikileta hayo. Mimba yenyewe, kubeba mtoto, kubeba maji na kuinama shambani vinatosha kuuchosha mgongo wowote. Sisemi hawaumwi. Wanaumwa kweli, na sindano inabeba lawama kwa kuwa ndiyo tukio wanalolikumbuka.

Dawa nzuri kuliko zote za kichwa hiki, kwa maoni yangu, haimezwi. Ni sindano yenyewe kabla haijaingia. Ile ya zamani, iitwayo Quincke, ina ncha iliyochongwa kama kisu na hukata nyuzi za dura. Mwaka 1951 Hart na Whitacre walileta ncha iliyochongoka kama penseli, ambayo huzisukuma nyuzi kando, na ikitoka zinarudiana. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 110 yenye watu zaidi ya 31,000: sindano za kukata zilileta kichwa kwa 11 katika kila 100, na zile za ncha ya penseli kwa 4 hivi. Unene nao una neno lake. Sindano hupimwa kwa namba inayokwenda kinyume, namba kubwa ndiyo nyembamba. Namba 22 ina kitako cheusi na upana wa milimita 0.7, namba 25 ina kitako cha rangi ya machungwa na ni milimita 0.5. Nyeusi ikitumika kwa mama kijana, kichwa kinangojwa. Ncha ya penseli ni ghali kidogo kuliko ile ya kukata, na anayeagiza vifaa huona bei ya sindano kwenye karatasi yake. Vidonge, nauli ya kurudi hospitali na siku za kitanda vinalipwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Afisa wa kliniki aliyesomea ganzi, ambaye ndiye hubeba kazi hii katika hospitali nyingi za kaunti, hutumia sindano aliyoletewa. Mara nyingi huingia thieta usiku akijua hakuna wa kumsaidia mpaka asubuhi. Akitoboa mara ya kwanza akapata, tundu ni moja. Akitafuta mara 3, matundu yanaweza kuwa 3, na mkono uliochoka haulaumiwi kwa kutafuta.

Kuna wakati ambapo kichwa si hiki tena, na hapo dawa zote nilizozitaja zinakuwa kupoteza muda. Kichwa kilichokuwa kikitulia mgonjwa akilala sasa hakitulii. Homa imepanda na shingo haikunjiki, na huenda ni homa ya uti wa mgongo. Macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba, presha iko juu, na kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa. Mkono mmoja umekuwa mzito, maneno yanamchanganya, anasinzia kusiko kwa kawaida: damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mishipa ya ubongo, au inavuja chini ya dura, kwa sababu ubongo ulioshuka huvuta vijishipa hadi vikakatika. Kwa Kisii na Nyamira maana yake ni kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii usiku huohuo, bila kusubiri kidonge kingine kimalize kazi.

Bali kama kichwa ni kilekile, kinachokuja akiketi na kwenda akilala, siku zimepita na dawa hazijamwezesha kunyonyesha, imebaki tiba moja inayokwenda kwenye tundu lenyewe. Mwaka 1960 daktari wa Marekani, James Gormley, aliona kwamba wagonjwa waliotokwa na damu kidogo wakati wa kudungwa mgongoni hawakupata kichwa mara nyingi kama wengine. Akajaribu kuwawekea makusudi damu yao wenyewe, mililita 2 au 3, karibu na tundu. Siku hizi huwekwa mililita 20 hivi. Inahitajika thieta safi, sindano maalumu, mtu mmoja wa kutoa damu mkononi na mtaalamu wa ganzi aliyezoea kusimama nje kidogo ya dura bila kuitoboa mara ya pili. Wataalamu hao si wengi nje ya miji mikubwa, na ndiyo maana mama wengi huambiwa wavumilie.

Panapopatikana, hufanywa hivi. Mama hulazwa kwa ubavu, magoti kifuani. Mkononi mwake hutolewa damu, na kabla haijaganda huingizwa mgongoni polepole, mpaka aseme anahisi kubanwa kiunoni. Damu hiyo huganda juu ya tundu kama udongo juu ya ufa wa mtungi, na kwa wakati huo huo husukuma maji yapande kichwani. Analazwa chali kwa saa 1 au 2, huku mtoto akishikwa na bibi yake kwenye benchi nje. Kisha anaambiwa aketi. Wengi huinuka kidogo kidogo, mkono mmoja kwenye kitanda na mwingine kisogoni, wakikingoja kichwa kije.